Kutembea si kuzurura: jinsi ya kuchomeka safari ndani ya wiki iliyojaa kazi

Nina duka la steshenari karibu na Kabwe, Mbeya. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nauza daftari na kalamu, na pembeni nina uwakala wa miamala ya simu. Nafungua saa moja na nusu asubuhi, nafunga saa mbili usiku, Jumapili napumzika. Nikitoka nje kumwaga maji ya deki, mlima Loleza huu hapa, umesimama juu ya mabati kama mteja anayesubiri chenji yake. Niliutazama hivyo miaka tisa bila kuupanda.

Wageni walikuwa wanaupanda. Wanaingia dukani kutoa kopi ya pasipoti, mabegi mgongoni, wananiuliza njia ya kwenda juu. Naona haya kusema sijui, basi nanyoosha kidole: huko huko, pandeni tu.

Siku zote nilijiambia sina muda. Lakini muda wa kulala msibani siku mbili nilikuwa naupata. Muda wa vikao sita vya harusi ya mtoto wa jirani niliupata, tena vikao vyenyewe vinaanza kwa kuchelewa saa zima. Nilichokosa ni sababu. Kwetu mtu mzima akionekana yuko njiani bila mzigo, bila mgonjwa, bila msiba wala harusi, jina lake ni moja: anazurura. Akiwa mwanamke mwenye watoto ndiyo kabisa. Ukienda kuzika hakuna anayekuuliza kitu. Ukienda kutazama ziwa utaulizwa mpaka na konda.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu sababu zaidi ya kilometa. Milima tunayo, maziwa tunayo, nauli zake wengi tunaziweza tukijipanga. Kazi ni kuondoka nyumbani bila kesi na kurudi bila kesi.

Hatua ya kwanza: ijue wiki yako ilivyo

Chukua daftari lolote. Kwa siku saba andika kila mara unapotoka: umekwenda wapi, kwa njia gani, umerudi saa ngapi. Usirembe. Mimi niligundua mambo mawili. Kwanza, kila Jumanne natoka kwenda benki kuweka floti, na kila Alhamisi nafuata karatasi na wino mjini, yaani mara mbili kwa wiki tayari niko nje kwa sababu inayoeleweka. Pili, Jumapili kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni huwa sifanyi chochote cha maana. Nafua nguo ambazo ningeweza kufua Jumamosi usiku, halafu nalala na simu usoni.

Usitafute siku nzima. Siku nzima haipo, na ikitokea, ndugu wataijua kabla yako.

Hatua ya pili: badili njia kabla ya kuongeza safari

Hapa hakuna gharama. Ile shughuli unayoifanya hata hivyo, ifanye kwa njia usiyoijua. Nenda kwa barabara moja, rudi kwa nyingine. Sharti langu ni mara moja kwa wiki, na nikiwa na muda wa ziada wa nusu saa, basi.

Alhamisi ya kwanza niliacha bajaji pale Mafiati, nikapanda kuelekea mjini kwa miguu kupitia vichochoro. Kwa bajaji ni mwendo mfupi wa kelele na vumbi. Kwa miguu nilipita kijito kilichowekewa gogo la mkaratusi kama daraja, gogo limelika katikati kwa nyayo za watu mpaka linang'aa. Kina mama watatu walikuwa wanafua chini yake. Nikasimama, naogopa kuvuka. Mmoja, bila kuinua kichwa, akasema, “Vua viatu, dada, hilo linawapenda wenye miguu.” Nikavua. Baridi ya lile gogo bado naikumbuka kwenye nyayo.

Huo ulikuwa mwendo wa dakika thelathini na tano ndani ya jiji ninaloishi tangu 2013. Nilifika dukani kwa muuza karatasi nikiwa nimechangamka kama niliyetoka likizo, mpaka akaniuliza kama nimeshinda mchezo. Ukiwa Mbeya, jaribu hili mwezi wa kumi, mijakaranda inapochanua na barabara za juu mjini zinajaa maua ya zambarau chini. Ukiwa Iringa panda kwa vijia vya mawe, usifuate lami. Tukuyu huhitaji ushauri wangu, kila njia ya mkato inapita shamba la migomba au la chai.

Ukiona umeweza wiki nne mfululizo, endelea mbele. Ukiona hujaweza hata mbili, usikimbilie mlima; tatizo bado liko kwenye daftari.

Hatua ya tatu: tafuta kisingizio cha kweli

Hii ndiyo hatua yenyewe, na watu wengi wanaikosea. Wanatangaza: “Nataka kwenda kupumzisha akili.” Kwenye nyumba zetu sentensi hiyo inafungua kikao. Akili imechoka na nini? Nani kakuudhi? Mwisho wa siku unabaki nyumbani unafafanua.

Kisingizio kisiwe uongo. Uongo utakuhitaji uukumbuke, na Mbeya ni ndogo, utakutana na shangazi wa mtu stendi. Tafuta jambo linalohitajika kweli, kisha liweke mahali unapotaka kwenda. Aina zinazofanya kazi ni hizi.

Mzigo ndiyo mfalme. Ndizi ziko Tukuyu, mchele uko Kyela, viazi viko Isongole na vijiji vya jirani. Vyote vinauzwa Mwanjelwa, soko letu la hapa Mbeya, lakini huko vinakotoka bei ni nyingine, na tofauti ile inalipa sehemu ya nauli. Sisemi utapata faida. Nasema utarudi na kitu mkononi, na mtu anayerudi na kitu mkononi haulizwi sana.

Mazungumzo yangu na mama mkwe, ambaye kwao ni Rungwe na tunaishi naye, yalikwenda hivi:

“Shikamoo mama. Jumapili nataka kufika Tukuyu.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Ndizi, mama.”

“Ndizi si zipo hapo Mwanjelwa?”

“Za Mwanjelwa zimepita mikono minne.”

Akanyamaza, akatazama sufuria. “Basi ukifika sokoni usichukue zile za juu ya fungu, hizo ni za kuwaonyesha wageni. Na uniletee parachichi.” Tangu siku hiyo yuko upande wangu. Anayeagiziwa kitu anakuwa mwenye safari pia, anakuulizia hali ya hewa na kukuamsha alfajiri.

Kisingizio cha pili ni mtoto. Mwanao akisoma shuleni kuhusu volkano, bonde la ufa au zana za mawe, umeshapewa ruhusa na mtaala. Nyanda zetu hizi ni kitabu kilichofunguliwa, nitarudi huko.

Cha tatu ni mkubwa wa kwenda kumsalimia. Kila ukoo una mama mdogo au babu anayelalamika hatembelewi. Mtazame anakaa wapi, halafu tazama kuna nini kilometa tano kutoka kwake. Nenda kwake kwanza, kaa, kula alichopika, umpe sukari yake. Ndipo mwombe akupe mjukuu mmoja akuonyeshe hayo maporomoko. Nimeona watu wanaanza na maporomoko, wanafika kwa bibi jioni na tope miguuni. Si adabu, na mara ya pili hutapewa mjukuu.

Hatua ya nne: mwenzako na kibubu

Usiende peke yako porini. Tafuta mtu mmoja au wawili, wasizidi wanne. Wakizidi wanne inakuwa kamati, na kamati ina mweka hazina. Mwenza mzuri ni yule anayefika kwa wakati na asiyelalamika mvua ikinyesha. Mwenza wangu ni wifi yangu, anauza mitumba, anajua kuamka.

Fedha: weka kibubu. Mimi natia shilingi 500 kila ninapofunga duka, kwa siku 26 za kazi nakuwa na 13,000. Haitoshi safari zote lakini inatosha kusema “hela ipo”, na hela iliyokwisha kutengwa haina ugomvi na ada ya shule. Nauli zinapanda na kushuka, kwa hiyo uliza stendi siku moja kabla, tena umuulize abiria aliyeshuka, usimuulize mpiga debe.

Hatua ya tano: mlima ulio juu ya nyumba yako

Anza na ulio karibu. Kwetu ni Loleza. Jiji liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kilele kiko karibu 2,650. Unapanda mita mia tisa na ushei bila kupanda basi.

Nitaeleza tulivyokosea, itakusaidia zaidi kuliko sifa. Tulikwenda Februari, katikati ya mvua, kwa sababu ndiyo Jumapili tuliyokuwa nayo. Nilivaa raba za mtumba nzuri kwa juu, soli imelika kama sabuni. Tulianza saa tatu asubuhi baada ya ibada ya kwanza, jambo ambalo nilidhani ni mapema. Kufika nusu, wingu likashuka. Halikuja kwa vishindo. Kwanza miti ya mbele ilififia, halafu wifi yangu akafifia, akabaki sauti na mfuko mwekundu. Nikateleza mara mbili, ya pili nikakaa kabisa kwenye tope na chupa ya chai ikabingirika mpaka leo. Radi ilipoanza kunguruma upande wa pili tukageuza.

Nyumbani mama mkwe akauliza, “Mmekwenda kufanya nini huko?”

“Kutazama, mama.”

“Mmeona nini?”

“Ukungu.”

Alicheka wiki nzima. Mgeni akifika anasimuliwa.

Sasa fanya hivi. Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia inapokuwa kavu. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuuma masikio, kwa hiyo vaa sweta la kuvulika njiani. Anza saa kumi na mbili asubuhi, sisi hutuchukua muda wa saa tatu kasoro kufika na saa moja na nusu kushuka, tukiwa hatukimbii. Viatu tazama soli kwanza, rangi baadaye. Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji, viazi vya kuchemsha, mayai na karanga. Parachichi lililoiva likiwekwa begini litawapaka wote. Simu iwe na chaji, na mtu nyumbani ajue mnapandia wapi na mnategemea kurudi saa ngapi. Juu kuna minara ya mawasiliano, hivyo ukifika mitaa ya mwisho chini ya mlima uliza kwa mwenyekiti wa mtaa au wenyeji kama kuna utaratibu wowote siku hiyo. Kumuuliza mwenyekiti kuna faida nyingine: atakwambia ni njia ipi ina watu na ipi haina.

Ukiona wingu limekaa kileleni tangu alfajiri, rudi ukafue. Mlima hautahama.

Mara ya pili, mwezi wa saba, tulifika. Nilitafuta duka langu kule chini. Sikuliona, ila niliona barabara kuu ya kwenda Tunduma ikiwa na malori yamepangana kama shanga, na niliona kwamba mji wote ninaouona mkubwa, wenye madeni yangu yote, unafunikwa na kiganja kimoja. Wifi akasema njaa inauma. Tukala mayai.

Hatua ya sita: ziwa lililofichwa, Ngozi

Baada ya Loleza unaweza kutoka nje ya jiji. Pendekezo langu la kwanza ni Ziwa Ngozi, kwenye milima ya Uporoto. Ni ziwa la kasoko: mlima wa volkano uliporomoka katikati, maji yakajaa shimo. Lina urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, na kuta zake zimesimama wima kulizunguka, kwa hiyo hulioni mpaka uwe umesimama ukingoni.

Panda kosta ya Tukuyu pale Uyole, shuka Isongole. Kutoka hapo bodaboda inakupeleka mpaka mguuni mwa msitu. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na chukua namba ya kijana huyo ya simu, maana ukitoka msituni jioni hutakuta foleni ya pikipiki. Kuna kiingilio, na chukua kijana wa pale awaongoze. Njia haipotezi sana lakini kijana anajua ni mzizi gani unateleza, na fedha yako inabaki kijijini.

Mwanzo wa njia ni tambarare ya kudanganya. Msitu unafunga juu, jua linaingia kwa matone, kuna mianzi na miti yenye ndevu za kuvu. Harufu ni ya majani yaliyooza na maji. Sehemu ya mwisho ndiyo inayowatoa watu jasho: udongo mweusi umesimama kama ngazi isiyo na vidato, unapanda kwa kushika mizizi. Kwa hapo gambuti inashinda raba. Kina dada, kitenge kivaliwe juu ya suruali, si badala yake, mnielewe.

Halafu msitu unakatika. Kuna uwazi mdogo ukingoni, na chini yako, mita kama mia mbili, maji ya kijani yametulia kabisa. Mara ya kwanza hakuna aliyesema kitu kwa muda, hata kijana wetu ambaye anafika pale kila wiki. Kisha akatusimulia hadithi za ziwa. Sitazisimulia hapa, kila mzee wa Rungwe anazo zake na ni tamu zaidi zikisemwa pale pale. Ninachoshauri ni kusikiliza bila kubisha. Kushuka mpaka majini ni hatari, ukingo ni mkali na udongo unateleza. Sisi hatukushuka na hatukukosa kitu.

Rudini kabla ya saa nane. Uporoto na Rungwe mvua hairuki ratiba kwa sababu ya kalenda, hata mwezi wa tano huko bado inanyesha wakati Mbeya mjini tumeshaanza kutimua vumbi. Pale Isongole nunua viazi, debe au nusu yake, ndicho kisingizio chako. Ukimshukuru muuzaji kwa “ndaga fijo”, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, atakuongezea viwili vitatu.

Hatua ya saba: safari za lazima

Kila mmoja wetu ana safari asizozichagua: misiba, harusi, kumpeleka mtoto bweni, kufuata cheti. Zitumie, lakini kwa adabu.

Mwaka juzi tulikuwa na msiba upande wa Kyela. Tulizika, tukakaa matanga, tukaaga. Siku ya kurudi niliwaomba wakubwa tushuke Kiwira kwa saa mbili. Kaka wa marehemu ndiye aliyesema, “Twendeni, hata yeye alikuwa anapapenda.” Tukaenda Daraja la Mungu. Uji wa volkano uliganda juu ya Mto Kiwira, mto ukatafuta njia chini yake, na sasa jiwe zima limekaa kama daraja ambalo hakuna mkandarasi aliyelijenga wala kulidai. Mbele zaidi kuna Kijungu, mto unapotumbukia kwenye chungu cha mwamba na kupotea, kisha ukatokea ng'ambo. Ili kufika Kijungu unapita eneo la chuo cha magereza, hivyo unajiandikisha getini, unasindikizwa, na kamera unaitoa unapoambiwa. Tulikaa juu ya mawe na nguo zetu za msiba. Wajane wawili walivua viatu wakaloweka miguu. Nilikuwa naogopa ataonekana mtu wa kutusema, hakuna aliyesema.

Sheria zangu: kamwe kabla ya maziko, kamwe bila kumwambia mkubwa, na kama kuna mtu mmoja anasita, gari lisisimame.

Hatua ya nane: watoto

Watoto wadogo usiwaanzishie mlima. Watachoka, utawabeba, mtachukiana. Waanzishie kitu cha kugusa, na hapa tuna kimondo cha Mbozi. Kiko mkoa wa Songwe, kijiji cha Ndolezi, unaacha barabara kuu ya Tunduma kabla ya Vwawa. Ni donge la chuma na nikeli kutoka angani, urefu wa mita tatu hivi na uzito unaotajwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua siku nyingi. Dunia ya nje iliambiwa 1930.

Mwanangu wa darasa la nne alizunguka mara tatu, akagonga kwa kidole, akasema, “Mama, kinalia kama sufuria ya bibi.” Mwambie mtoto atafute mahali palipokatwa, kuna pembe iliyowahi kukatwa kwa msumeno kwa ajili ya uchunguzi. Atatafuta kwa bidii kuliko daftari lake lilipopotea. Safari nzima, kwenda na kurudi Mbeya, inaingia ndani ya Jumapili mkiondoka mapema. Foleni ya malori ndiyo adui, si umbali.

Mlio Iringa mna bahati zaidi yetu kwa watoto, na hili nalisema mimi Mhehe niliyeolewa Mbeya. Jiwe la Gangilonga linapandwa jioni kwa miguu kutoka mjini, ukakaa juu na karanga zako mpaka taa ziwake. Isimila iko kilometa 20 hivi kwenye barabara ya kuja Mbeya: zana za mawe za watu wa kale zimelala chini, na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua zimesimama korongoni. Kalenga nako si mbali, kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Watoto watauliza maswali magumu pale. Jibu unayoyajua, mengine mwachie mhifadhi. Njombe, maporomoko ya Ruhuji yako pembeni ya barabara kabisa, mtu anaweza kuyatazama akisubiri basi lipone pancha.

Hatua ya tisa: moja kubwa kwa mwaka

Kibubu kikitunzwa, mara moja kwa mwaka nenda mbali kidogo. Kwangu ni Kitulo, ile tunayoiita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005. Maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, msimu ule ule wa mvua, kwa hiyo ukitaka ua ukubali tope. Kutoka Chimala barabara inapanda kwa kona 57 kwenda Matamba; watu wanazihesabu kwa sauti ndani ya gari na hawakubaliani zikifika arobaini. Wenye kutapika wakae mbele. Juu ni nyasi na maua mpaka macho yachoke, zikiwemo okidi zile ambazo mizizi yake huchimbwa vijijini na kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko. Usichume. Lala usiku mmoja, usijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na beba blanketi hata ukiambiwa yapo.

Kabla ya Jumapili hii

Leo usiku muulize mtu mmoja nyumbani anataka aletewe nini kutoka Tukuyu. Andika. Kesho ukatazame soli za viatu. Jumamosi ufue, uchemshe viazi, ufunge duka nusu saa mapema.

Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri kosta za kwanza zinaanza kujaza Uyole. Usikubali kiti cha katikati. Omba dirisha la kushoto, hata kama itabidi usubiri gari linalofuata. Mkishaanza kuuacha Uporoto, mlima Rungwe unatokea upande huo, na asubuhi ndiyo huwa haujajifunika bado.